Asisubiri Kutembea Ndipo Aanze Shule

Mdogo wangu wa Mbagala, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Mwanao ana miaka sita, ana mtindio wa ubongo, hukaa akiegemezwa, hatembei, na maneno yake mnayaelewa wewe na dada yake tu. Mwalimu mkuu amekwambia umrudishe "akishapata nafuu". Mama mkwe naye kashikilia hapohapo: mazoezi kwanza, shule itajileta yenyewe. Na wewe, nahisi, umechoka hadi umeanza kuwaamini. Basi nisikilize, na wengine wenye barua kama yako wasogee karibu. Huyo mtoto aandikishwe msimu huu, hivyohivyo alivyo.

Nianze na lile gumu. Mtindio wa ubongo hauponi. Ni jeraha lililoupata ubongo ungali unakua, tumboni, wakati wa kuzaliwa au miaka ya mwanzo: mtoto kakosa hewa akachelewa kulia, kazaliwa njiti, kapata manjano makali, au homa ya uti wa mgongo. Mara nyingine sababu haionekani kabisa, na haina uhusiano wowote na ulichokula au uliyemcheka ukiwa mjamzito, hata shangazi aseme nini. Jeraha lenyewe haliongezeki. Kinachoongezeka ni madhara yake mwilini: misuli iliyokaza hufupika, nyonga huanza kutoka mahali pake, mgongo hupinda. Kwa hiyo mazoezi yake hayana siku ya kuhitimu. Anayekwambia shule ije baada ya mazoezi, bila kujua amekwambia isije kamwe.

Tena mazoezi yenyewe ni ya kazi gani? Akae vizuri ili mikono iwe huru kushika. Ainue kichwa ili aone yanayotokea mbele yake. Sasa aone nini, kama siku nzima anaangalia dari la chumba? Darasani kuna ubao wa kutazama, kuna kalamu ya kugombania, kuna wenzake wa kuwajibu. Nimewaona watoto waliogoma kunyoosha mkono mbele ya mtaalamu wakaunyoosha wenyewe kwa sababu mwenzao kachukua kifutio chao.

Mtaalamu wa mazoezi tiba, awe wa hospitali ya CCBRT pale Msasani au ya wilaya, humwona mwanao kwa muda mfupi tu, tena nauli ikipatikana. Saa zilizobaki ni zako, na ndizo zenye uzito: anavyolala, anavyobebwa, anavyolishwa. Umeniandikia kwamba kifua hakimwishi, halafu mistari michache chini ukasema unamlisha akiwa amelala mapajani, kichwa nyuma. Viweke pamoja hivyo viwili. Chakula kinapita njia ya hewa. Mkalishe wima, kidevu kiinamie mbele kidogo, kijiko kidogo, uji mzito badala ya majimaji, na usubiri ameze kabla hujaongeza. Mlo utachukua muda mrefu, najua. Bado ni nafuu kuliko kulazwa kwa nimonia kila masika.

Kiti maalumu usikisubiri hadi mfadhili aje na kamera. Kuna vituo vya utengamao vinavyowafundisha wazazi kutengeneza viti kwa maboksi: tabaka za boksi na karatasi kuukuu zinagandishwa kwa gundi ya unga, zinakaushwa juani hadi zinakakamaa, zinapakwa rangi. Kinatoka kiti cha pembe chenye meza yake, kimekatwa kwa vipimo vya mtoto wako, si vya mtoto wa Ulaya. Akikua, unatengeneza kingine. Kiti hicho ndicho utakachokwenda nacho shuleni.

Kuhusu shimo la mchanga. Mama mkwe anataka mtoto afukiwe hadi kiunoni ili miguu ipate nguvu, kama walivyofanya wazee. Lengo lao halikuwa baya. Kumsimamisha mtoto kuna faida kweli. Lakini shimo halijui kama nyonga imekaa sawa wala kama nyayo zimelala vizuri, na mtoto anayelia kwa hofu hukaza misuli zaidi. Fremu ya kusimamia yenye mikanda hufanya kazi ileile, kwa vipimo na kwa muda aliopanga mtaalamu. Usibishane na mkweo. Mwambie, "Mama, wametuonyesha namna ya kumsimamisha, naomba uwe unanisaidia kumshika." Bibi aliyepewa kazi hana muda wa kuchimba.

Sasa twende kwa mwalimu mkuu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inampa mwanao haki sawa ya kuandikishwa, iwe shule ya umma au ya binafsi, na inataka asome shule ya kawaida, isipokuwa pale panapohitajika mawasiliano maalumu. Ijue, lakini usiingie nayo ofisini kama rungu. Ingia na mtoto, kiti chake, na karatasi ya hospitali. Shikamoo yako itangulie. Mwonyeshe mwalimu jinsi anavyosema ndiyo kwa macho na hapana kwa kugeuza uso, maana wengi wakisikia maneno hayatoki vizuri huhitimisha kwamba na akili haipo. Wapo watoto wenye mtindio wa ubongo wenye uelewa mdogo, na wapo wanaoelewa kila kitu wakashindwa tu kukitamka. Apimwe macho na masikio pia kabla mtu hajamwita mzito. Kama anapata degedege, mwalimu aambiwe, na aelezwe la kufanya.

Halafu zungumzeni choo. Najua haipendezi, ila watoto wengi hawaachishwi shule na hesabu, wanaachishwa na choo. Nani atambeba? Atakalia nini? Pendekeza mwenyewe: utakuja saa nne kwa majuma ya mwanzo, kiti chenye tundu kitakaa pale, darasa liwe la chini karibu na njia. Mwalimu akishaona mzigo umegawanywa, hofu yake hupungua. Akikataa bado, nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri, ukipitia ofisi ya ustawi wa jamii. Waombe pia wakwambie shule gani ya karibu ina kitengo chenye mwalimu aliyesomea elimu maalumu, kwa mfano katika Chuo cha Patandi kule Arusha.

Sitakudanganya kuhusu darasa lenyewe. Utakuta wanafunzi wamebanana na mwalimu ni mmoja. Mtoto aliyewekwa nyuma bila kuulizwa swali hata moja hajajumuishwa, amehifadhiwa tu. Fuatilia madaftari. Na hakikisha mahitaji yake yameandikwa kwenye kumbukumbu za shule mapema, kwa sababu mbele kuna mitihani: Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Asiyejulikana kwamba ana mahitaji hayo ataongezewa na nani?

Wewe wa Tanga mwenye mtoto kiziwi, usinielewe vibaya. Kwako shule kama Buguruni Viziwi inaweza kuwa bora kuliko ya jirani, kwani mtoto huyo anahitaji wenzake na walimu wanaozungumza kwa alama. Kumweka peke yake katikati ya watoto sitini wasiojua alama hata moja ni upweke. Ila wewe mwenyewe jifunze lugha hiyo, akirudi likizo asiwe mgeni nyumbani.

Na yule mwenye kichanga ambacho nyayo zimepinda kwa ndani: wewe usisubiri hata wiki. Plasta za kubadilishwa kila wiki huzinyoosha nyayo hizo, kisha hufuata viatu vyenye chuma, mwanzoni karibu muda wote, baadaye vya usiku tu, kwa miaka kadhaa. Wengi huviacha wakiona mguu umenyooka, na mguu unarudi ulikotoka.

Nirudi Mbagala, kwenye swali ulilolificha mwishoni. Baba yake hakukimbia, yupo, ila "hajihusishi". Mara nyingi wanaume hawa hawajui waanzie wapi, na sisi tumezoea kuwanyang'anya mtoto wakimshika vibaya. Mpe jambo moja liwe lake kabisa: yeye ndiye atakayempeleka shule asubuhi kwa pikipiki yake, na yeye ndiye atakayesaini fomu ya kuandikishwa. Usimsahihishe mbele ya mkweo. Na kama mgongo wako unauma kama ulivyoandika, siku mtakayokwenda kliniki mwambie mtaalamu akuangalie na wewe.