Chungu cha 21: Mzazi anayekuumiza kwa maneno, na radhi unayoihofia



Ndugu zangu wa Handeni na Korogwe, na nyinyi mlio mbali mnaotusoma kwenye simu, Allah atutakabalie funga zetu. Leo tupo chungu cha 21, tumeingia kumi la mwisho. Idi inakaribia na wengi wenu mmeshaanza kuulizia nauli ya kwenda kuwaona wazazi.

Wapo wanaoisubiri safari hiyo kwa furaha. Wapo pia ambao wakiifikiria tu, tumbo linakaza. Darsa ya leo ni ya hawa wa pili.

Chukua mfano huu. Nimeuunganisha kutokana na mambo ya watu wengi, kwa hiyo usianze kumtafuta mtu. Baba wa watoto watatu anauza vipuri vya pikipiki Korogwe. Mama yake yupo kijijini, Handeni. Kila mwezi anamtumia hela ya matumizi. Akichelewa siku mbili, simu inalia: "Kumbe nilizaa mzigo." Akituma, anaambiwa ni kidogo, mtoto wa fulani kamjengea mama yake nyumba ya bati. Akienda nyumbani anasemwa mbele ya mke na watoto, anasimangwa kwa miezi tisa ya mimba na kwa mbuzi aliyeuzwa ili asome sekondari. Akijibu neno moja, mama analia, anawapigia shangazi na wajomba wote, kisha anamalizia: "Sikupi radhi, na utayaona."

Yule baba anarudi Korogwe kimya. Usiku anasimama kwenye tarawehe huku moyoni anajiuliza kama funga yake ina maana yoyote, maana mama hayuko radhi.

Kama wewe ndiye huyo, au ni dada yake, endelea kusoma.

*Kwanza tutenganishe mambo*

Siyo kila mzazi mkali ni mdhalimu. Mzazi akikukemea kwa kuacha swala, kwa pombe, au kwa kumtelekeza mkeo, huyo anakufaa hata kama maneno yake yanachoma. Na mzazi mwenye njaa, mgonjwa, au aliyesahauliwa na watoto wake ana haki ya kulalamika. Jiulize kwa ukweli kabla hujajiita umedhulumiwa.

Tunayoyazungumzia hapa ni mambo yanayojirudia mwaka hadi mwaka, hata ukifanya vizuri: kuitwa mkosi, kuaibishwa mbele za watu, kusimangwa kwa kila ulichopewa utotoni, kununiwa wiki nzima bila kuambiwa kosa, kutishiwa laana ili utoe hela. Hayo yana jina, ni ukatili wa kihisia. Hayaachi kovu kwenye ngozi, lakini yanaumiza.

Wala hauko peke yako. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania, uliofanyika 2009 na matokeo yake kutolewa 2011, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu robo yao, wa kike na wa kiume, walisema kabla ya kutimiza miaka 18 mtu mzima aliwahi kuwatukana majina mabaya, kuwafanya wajione hawatakiwi, au kutishia kuwatelekeza. Hesabu miaka. Vijana wale leo ndio sisi, tuna ndoa na watoto, na tunasimama safu moja msikitini.

*Nabii Ibrahim na baba yake*

Fungua Surat Maryam, anzia aya ya 41 usome mpaka ya 50. Nabii Ibrahim (a.s) anamsemesha baba yake mara nne, na kila mara anaanza kwa kumwita "ewe baba yangu". Hakumkatia heshima. Baba akajibu kwa vitisho: atampiga mawe, na amwondokee muda mrefu.

Sasa tazama Ibrahim alivyofanya. Hakurudisha tusi. Alimpa salamu, akaahidi kumwombea msamaha kwa Mola wake. Halafu akasema kuwa anajitenga nao. Heshima, dua na umbali, vyote vimo ndani ya aya mbili, ya 47 na ya 48. Na aya ya 49 inasema kwamba alipojitenga nao, Allah alimruzuku Is-haka na Yaakub. Kujitenga kule hakukumletea nuksi.

Utasema: ustadhi, baba yake Ibrahim alikuwa anaabudu masanamu, mama yangu anaswali. Ni kweli, na tofauti hiyo ina uzito. Ndiyo maana kwetu sisi kujitenga hakumaanishi kukata undugu, na dua ya maghfira kwa mzazi Muislamu haikomi. Lakini adabu tunaichukua hapo. Ukiweza kumheshimu mzazi huku umesogea mbali na mawe yake, basi kusogea peke yake siyo kumkosea adabu.

Surat Luqman, aya ya 14 na 15, inaliweka wazi zaidi. Allah ametuusia wazazi, akataja taabu ya mama ya kubeba mimba. Kisha akasema wakikushurutisha umshirikishe, usiwatii, ila ukae nao duniani kwa wema. Kumbe kutii na kutendea wema ni vitu viwili. Wema unabaki hata pale utii unapokataliwa.

Mtume (s.a.w) alifundisha pia kumsaidia ndugu yako akiwa anadhulumiwa au akiwa ndiye anayedhulumu. Masahaba wakauliza, anayedhulumu tumsaidie vipi? Akawajibu kuwa ni kumzuia na dhuluma yake. Imo katika Sahihi Bukhari. Mama yako anaandikiwa kila neno analotamka, kama wewe na mimi. Unapompunguzia nafasi ya kukutukana, unampunguzia mzigo wa Kiyama. Huo nao ni wema kwa mzazi.

*Na ile radhi?*

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Tumefundishwa, na ni haki, kwamba radhi za Allah zimo katika radhi za mzazi, na kwamba dua ya mzazi si ya kuchezea. Basi mzazi akitamka laana, mtu anaona maisha yake yamefungwa. Biashara ikiyumba, ni ile laana. Mtoto akiugua, ni ile laana.

Sikiliza mambo matatu.

Moja. Katika Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w) ameeleza kuwa dua ya mja hujibiwa madhali hakuomba dhambi wala kukata undugu. Anayemwombea shari mwanawe bila kosa anaomba dhuluma, na dhuluma ni dhambi. Mola wetu hatumwi na mtu kwenda kudhulumu.

Mbili. Surat Yunus aya ya 11 inasema kuwa lau Allah angewaharakishia watu shari kama wanavyoharakisha kuomba kheri, wangekwisha. Mujahid, katika wafasiri wa mwanzo, alieleza kuwa hiyo ni kama mtu anayemwapiza mwanawe au mali yake akiwa na hasira. Allah, kwa rehema zake, hamharakishii.

Tatu. Surat Al-Israa aya ya 23 na 24 zinakataza hata kumwambia mzazi "ah!". Wengi tunaishia hapo. Isome na ya 25: Mola wenu anayajua zaidi yaliyomo nyoyoni mwenu, na mkiwa wema basi Yeye ni Mwenye kuwasamehe wanaorejea kwake. Siku ile uliyoshindwa ukapandisha sauti, tubu, kamwombe mzazi msamaha kwa hilo neno lako, kisha uinue kichwa. Allah anaujua moyo uliokwenda nao.

Kama umempa haki yake, umemsemesha kwa adabu na unamwombea, halafu bado hayuko radhi kwa sababu hujakubali kudhalilishwa, hilo mwachie Allah.

*Tufanye nini sasa?*

1. Haki yake usiikate. Panga kiasi unachokiweza na tarehe unayoiweza, mwambie mara moja, kisha ushike ahadi. Kama hela imekuwa chanzo cha ugomvi kila mwezi, ongea na mwenye duka wa pale kijijini ampelekee unga, sukari na mafuta, wewe ulipe. Hela ya dawa ipitie kwa ndugu mwaminifu.

2. Simu ipangie muda. Usimpigie saa kumi na moja jioni wote mna njaa. Piga baada ya kufuturu. Matusi yakianza, sema kwa upole: "Mama, nakuheshimu. Maneno haya siwezi kuyasikiliza. Nitakupigia Ijumaa, in shaa Allah. Assalaam alaykum." Kisha kata, na Ijumaa piga kweli. Akijua kwamba unarudi kila mara, na kwamba unaondoka kila mara yakianza matusi, huenda akajifunza. Asipojifunza, wewe umeshapumua.

3. Idi nenda, ila nenda kwa mpango. Korogwe na Handeni ni kama kilomita 65 za lami, unaweza kwenda asubuhi baada ya swala ukarudi jioni. Hakuna aya inayokulazimisha kulala siku nne. Nenda na mtu anayemstahi, mjomba au kaka mkubwa. Akianza kumtukana mkeo au kuwaita watoto wako majina, inuka, toa salamu, watoe nje. Watoto ni amana, wasijifunze kuwa mapenzi ndiyo yale.

4. Tafuta mtu mmoja wa kumweleza. Usiweke aibu ya mzazi wako kwenye status wala kwenye magrupu. Lakini kumweleza imamu, mtu mzima wa ukoo, au mtaalamu ili upate msaada siyo kusengenya. Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin ametaja hali sita ambazo kusema kasoro ya mtu kunaruhusiwa, na ya kwanza ni mdhulumiwa kushitaki kwa anayeweza kumsaidia. Ukiona usingizi umepotea, unalia bila sababu, au unatamani kufa, nenda hospitali. Ofisi ya ustawi wa jamii katika halmashauri yako nayo ipo kwa ajili hiyo. Kwenda huko siyo upungufu wa imani.

5. Angalia kama ni ugonjwa. Mzazi aliyekuwa mpole, kisha uzeeni akaanza kukushutumu wizi, kusahau, kutukana ovyo, huenda anaumwa. Mpeleke hospitali kabla hujamhukumu. Huyo anahitaji zaidi subira na uangalizi kuliko umbali.

6. Yakivuka maneno, yaani mzazi akishika panga au akawapiga watoto wako, siyo suala la subira tena. Ondokeni, na taarifa ifike kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, au Dawati la Jinsia na Watoto polisi.

*Neno gumu*

Usifanye haya ukitarajia kwamba mwisho mama atakukumbatia na kusema alikosea. Anaweza. Mwombee. Lakini baba yake Ibrahim hakubadilika, na Ibrahim alikuwa mtume, tena mwenye kauli laini. Kama kauli yake haikuufungua moyo ule, usijilaumu kuwa ya kwako imeshindwa. Uchungu wa kukosa mzazi uliyemtamani ni uchungu halali, kama wa kufiwa. Mlilie Allah kwenye sijda usiku huu, Yeye hachoki kusikia.

Na nyinyi wazazi mnaotusoma, msikasirike. Katika Sahihi Muslim tumekatazwa kujiapiza wenyewe, watoto wetu na mali zetu, isije ikaangukia saa ya kujibiwa. Na Surat Al-Baqara aya ya 264 inaonya kuwa masimango na udhia hubatilisha sadaka. Ulimlea mwanao kwa jasho, kwa kilimo cha jembe la mkono, wengine kwa kibarua cha mkonge. Usiyachome malipo yako kwa mdomo.

*Kazi ya leo*

Kabla ya daku fanya mambo mawili. Mwombee mzazi wako kwa jina lake, hata kama koo linakaza. Kisha kumbuka neno moja lililokuwa likikuumiza utotoni, ujichunguze kama wiki hii hujamwambia mwanao neno hilohilo. Kama umemwambia, mwamshe daku kwa jina zuri na umtake radhi. Mtoto naye hutakwa radhi.

Allahumma wasamehe wazazi wetu, walio hai na waliotangulia. Walainishe wale waliokuwa wagumu kwetu, na utupe sisi ulimi mpole na mgongo ulionyooka. Usitujaalie kuwarithisha watoto wetu maumivu tuliyoyapata. Amin.

Kesho in shaa Allah, chungu cha 22, tutazungumzia zakatul fitri: nani anatoa, kiasi gani, na lini.

Wabillahi tawfiq.