Mjomba hakurogwa

Mjomba wangu ana fremu ya vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mwaka jana ghafla akaanza kusema majirani wa fremu wanamfuatilia. Akawa anafunga saa 9 alasiri, anabadilisha kufuli kila wiki, na kijana wake wa dukani wa miaka sita akamfukuza eti anatoa siri. Nyumbani wengine wakasema wamemchezea, wengine kashakuwa chizi. Mimi, mwalimu mtarajiwa niliyesoma saikolojia semista moja tu, nikatangaza kwa kujiamini: skizofrenia.

Nilikosea. Hospitalini daktari aliuliza kitu ambacho sisi wote hatukuuliza: anameza dawa gani? Mkewe akatoa mfuko wa nailoni kwenye pochi. Ndani mlikuwa na prednisoloni za miligramu 5, alizonunua duka la dawa bila cheti kwa ajili ya pumu. Alikuwa anameza 12 kwa siku, yaani miligramu 60! Dawa hii inaokoa watu, lakini dozi ikipita miligramu 40 kwa siku hatari ya kuvuruga akili inapanda, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Mtu halali, anaongea sana, anashuku kila mtu. Akapunguziwa taratibu (ukizoea kuitumia, kuikata ghafla ni hatari), na wiki kadhaa baadaye akaanza kututania tena.

Hofu ya kuandamwa ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Inaweza kuletwa na malaria iliyopanda kichwani, kaswende au VVU vilivyofika kwenye ubongo, kifafa, bangi, mirungi, hata pombe iliyokatwa ghafla. Sonona kali nayo inaweza. Bibi asiyesikia vizuri akiona wajukuu wanacheka, anaamini anasengenywa. Aliyewahi kuvamiwa usiku huishi anageukageuka nyuma. Na nyie mnaokesha siku tatu kwa ajili ya UE, akili bila usingizi huanza kuona maadui.

Kwa hiyo rumu meti wako akianza hivyo, usibishane naye wala usimcheke. Uliza ilianza lini, analala saa ngapi, anatumia nini, kisha msindikize hospitali. Kutoka Kariakoo, Muhimbili ni hapo tu Upanga, na wanatibu magonjwa ya akili.

Mjomba alimpigia simu yule kijana akamwomba radhi. Kijana alipokea vizuri, ila hakurudi. Sasa anauza fremu nyingine, Mtaa wa Narung'ombe.