"Hakuna kodi kabisa." Sawa, lakini hakuna wapi?



Mwezi uliopita ilibaki kidogo tu nitoe laki sita ya mzigo. Mimi nauza viungo mtandaoni: mdalasini, karafuu na pilipili manga kutoka Matombo na Kinole, huku kwetu milima ya Uluguru. Hela ya mzigo ilikuwa tayari kwenye simu. Rafiki yangu akanitumia ujumbe: "Achana na viungo, nunua vipande vya majengo. Unakuwa mwenye nyumba na hakuna kodi kabisa."

Hilo "hakuna kodi kabisa" ndilo lililonivuta. Nikakaa chini nikaifuatilia shilingi ya pango inapopita. Nawapa nilichokipata.

Kwanza tuelewane. Hela ya mwenye fremu tunaiita kodi, na ya TRA pia kodi. Leo ya mwenye fremu naiita PANGO, ya serikali naiita KODI.

1. ANZA NA FREMU YAKO
Fremu yangu hapa Msamvu ni 150,000 kwa mwezi. Nalipa miezi sita, yaani 900,000. Kwa kuwa napanga kwa ajili ya biashara, natakiwa kukata 10%, ambayo ni 90,000, niipeleke TRA. Mwenye fremu anapata 810,000 na cheti cha kodi niliyomkatia. Hii ndiyo kodi ya zuio. Ni kodi ya kipato chake yeye, mimi naibeba tu.

Mwaka wa kwanza sikujua. Nilimpa 900,000 yote, ile 90,000 ilipodaiwa nikaitoa mfukoni kwangu. Ilikuwa faida yangu ya wiki kadhaa. Somo: kodi ya pango ni ya anayeingiza pango.

2. FREMU IKIWA YA KAMPUNI
Chukua kampuni ya kawaida hapa Tanzania yenye jengo, imepata faida ya pango shilingi 100. Kampuni inalipa kodi 30%, zinabaki 70. Ikikupa zote kama gawio, na haipo soko la hisa, inakatwa tena 10%, yaani 7. Unashika 63. Hela moja, kodi mara mbili.

3. FREMU IKIWA YA MFUKO
Hapa ndipo inaingia REIT: watu wengi wanachanga, mfuko unanunua majengo, kila mtu ana vipande vyake, pango likiingia mnagawana. Kenya sheria inasema REIT iliyosajiliwa na mamlaka ya kodi hailipi kodi ya mapato yenyewe. Kodi inakatwa wakati wa kukugawia, na mkazi wa Kenya anakatwa 5%. Kwa hiyo kwenye faida ya 100, ikigawiwa yote, anashika 95.

Na si bure. REIT ya kukusanya pango inatakiwa igawe angalau 80% ya faida yake halisi. Serikali inauacha mfuko ili hela ifike kwa watu, kisha inakata huko.

Kwa hiyo rafiki yangu alikuwa sahihi nusu. Kodi haipo kwenye mfuko, ila ipo mkononi kwako.

4. NAFUU YA KODI SIYO FAIDA
Fahari I-REIT iliingia soko la hisa la Nairobi mwaka 2015, kipande kimoja shilingi 20 za Kenya. Nafuu ya kodi ilikuwepo na gawio lililipwa. Lakini bei sokoni ilishuka, na mwaka 2023 wawekezaji wadogo wakapewa ofa ya kuuza vipande vyao kwa shilingi 11. Mwaka 2024 ikatoka kwenye soko kuu. Aliyenunua kwa 20 akauza kwa 11, ile nafuu ya kodi haikumlinda na hiyo 9.

5. MASWALI MATATU KABLA YA KUTUMA HELA
Tanzania kanuni za REIT zipo tangu 2011, na msimamizi ni CMSA. Basi uliza:
- Mfuko unaitwa nani, na una leseni ya CMSA?
- Kodi inakatwa wapi: kwenye mfuko, kwenye gawio langu, au kote?
- Nikitaka hela yangu kesho, nani ananunua vipande vyangu na kwa bei gani?

Nilimuuliza rafiki yangu. Hata la kwanza hakuwa na jibu, alikuwa ametumiwa tu na yeye akatuma. Laki sita yangu nikapandia nayo gari la Matombo, nikarudi na karafuu.

Sisemi vipande ni vibaya. Nikipata hela ambayo siyo ya mzigo, nitarudi na maswali yangu matatu. Ila hela ya mzigo ina kazi yake.

Wewe fremu yako, ile 10% unamkata mwenye fremu au unaitoa mfukoni kwako? Angalia leo kabla hujalipa miezi mingine sita.