Kupiga Picha Mtetemo wa Molekuli

Naandika kutoka Hjulsta, kituo cha mwisho cha treni ya chini ya ardhi, laini namba 10. Kila tukikutana kula pilau, hakosi mtu wa kuniuliza, "Wewe mhandisi, hiyo leza yako inafanya nini hasa?" Nimelikwepa swali hilo muda mrefu. Leo nalijibu, tena kwa Kiswahili.

Atomu ndani ya molekuli hazitulii. Chukua maji: haidrojeni na oksijeni zinasogeleana na kuachana kana kwamba zimefungwa kwa springi. Mtetemo mmoja huchukua kama femtosekunde 10. Femtosekunde 1 ni sekunde 1 ukiigawa kwa milioni bilioni. Mwanga, pamoja na mbio zake zote, katika muda huo husogea maikromita 0.3 tu. Hakuna kipima mwanga cha umeme chenye kasi hiyo. Sasa tufanyeje?

Tunatumia ujanja. Mpigo mmoja wa leza tunaugawa mara mbili. Wa kwanza unaistua molekuli, wa pili unakuja kuitazama. Huu wa pili tunauchelewesha kwa kuurefushia njia. Tukirudisha vioo nyuma maikromita 15, mwanga unakwenda na kurudi, njia inaongezeka maikromita 30, na mpigo unachelewa femtosekunde 100. Yaani saa yetu ni rula! Tunarudia kipimo kwa kila umbali, kisha tunachora grafu. Kipima mwanga hakihitaji haraka. Kazi yake ni kupima tu mwanga uliopita.

Kuna sharti moja: mpigo uwe mfupi kuliko mtetemo wenyewe. Mtoto kwenye bembea husukumwa mara moja, kwa kifupi. Ukiendelea kumsukuma wakati anarudi, unamzuia.

Kwa njia hii Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri, pamoja na wenzake huko Caltech, walifuatilia mwaka 1987 jinsi iodini inavyoachana na kaboni ndani ya molekuli ya ICN, kwa muda wa femtosekunde 200 hivi. Mwaka 1999 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia, hapa hapa Stockholm.

Sasa somo lililonigharimu. Mapigo yangu ni ya femtosekunde 30. Mtetemo ule wa maji hayauoni, ila ya polepole zaidi yanaiona. Mwaka wa kwanza niliyeyusha rangi fulani kwenye klorofomu, nikapata mawimbi mazuri ajabu, moja kila femtosekunde 91. Nikaanza kuandika makala. Msimamizi wangu akauliza swali moja tu: "Umepima klorofomu peke yake?"

Sikuwa nimepima. Kesho yake nikapima: mawimbi yale yale! Klorofomu ina mtetemo wake wa namba-mawimbi 366 kwa sentimita. Gawa 33,356 kwa 366, unapata femtosekunde 91. Miezi miwili nzima nilikuwa nasifia sauti ya mwimbaji, kumbe anayeimba ni jirani.

Basi ndugu zangu mnaoanza utafiti, iwe leza, damu au udongo: kabla hujashangilia matokeo, pima kwanza chombo kisicho na kile unachokitafuta. Ni kazi ya asubuhi moja. Mimi sikuifanya, ikala miezi miwili.

Maswali mje nayo kwenye pilau. Safari hii sikwepi.