Dhihaka Viwanjani na Neno la Sawasawa

Ndugu msomaji, vijana wanaohudhuria darasa letu la dini hapa Kibaigwa, ambao baadhi yao wamekwisha jiunga na Jumuiya na wengine wangali wanachunguza, wameniletea swali ambalo nimeona lafaa kujibiwa kwa maandishi. Wao hutazama katika simu zao mpira wa kikapu unaochezwa Marekani, nao wamesikia jinsi wachezaji wanavyotupiana maneno. Huyu amwambia yule kwamba hawezi kumzuia, arudi kwao akalale. Na yule humjibu kwa neno la kuudhi zaidi. Wamewaona pia makocha wakiwakaripia wachezaji wao mbele ya maelfu ya watu. Basi wanauliza: Je, hiyo ni sehemu ya mchezo tu, au ni dhambi? Na kama Islam yakataza dhihaka, je, yakataza pia kumwambia mtu waziwazi kwamba amecheza vibaya?

Kabla ya kujibu, asidhani mtu kwamba sisi twaudharau mpira. Hadhrat Mirza Nasir Ahmad, aliyekuja kuwa Khalifa wa Tatu wa Masihi Aliyeahidiwa a.s., alipokuwa mkuu wa Chuo cha Talim-ul-Islam huko Rabwah aliukuza mchezo huu huu wa kikapu, hata timu kutoka pande mbalimbali za Pakistan zikawa zinakuja kushindana pale. Kukimbia, kuruka na kutaka kushinda si aibu kwa Mwislamu. Tunachochunguza hapa ni ulimi.

Kurani Tukufu ina maagizo mawili ambayo ni lazima yasomwe pamoja. La kwanza limo katika Sura Al-Hujurat, aya ya 12, inayokataza watu kuwacheka watu wengine, kwani huenda wanaochekwa ni bora kuliko wanaocheka; nayo yakataza kutiana aibu na kuitana kwa majina mabaya. La pili limo katika Sura Al-Ahzab, aya ya 71, inayowaamuru waaminio wamche Mungu na waseme neno lililo sawasawa, yaani neno lililonyoka, lisilopinda kwa hofu wala kwa kujipendekeza. (Katika hesabu yetu Bismillahi ni aya ya kwanza, mwenye nakala isiyohesabu hivyo na atazame aya iliyotangulia.) Asomaye agizo la kwanza peke yake hugeuka mtu wa kunyamaza kila aonapo kosa. Naye ashikaye la pili peke yake huwajeruhi watu kila siku, kisha hujisifu kwamba yeye husema kweli.

Tukumbuke kwamba maneno ya uwanjani hayalingani uzito. Yasimuliwa kwamba mwaka 1986, yalipofanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya NBA ya kutupia kikapu kutoka mbali, Larry Bird wa Boston aliingia katika chumba cha wachezaji akawauliza ni nani kati yao amekuja kuwa wa pili. Kisha akatoka akashinda. Majigambo hayo hayampendezi mcha Mungu, lakini sioni kwamba yalimvunjia mtu heshima yake. Kumtukana mtu mama yake, au rangi yake, au umaskini wa kwao, ni jambo jingine kabisa. Hata kanuni za NBA zahesabu kumdhihaki mpinzani kuwa kosa la kiufundi, na mchezaji akihesabiwa makosa mawili ya namna hiyo katika mchezo mmoja hutolewa nje.

Hapa msomaji wa Tanzania atauliza kuhusu utani. Sokoni kwetu Kibaigwa, yanapopakiwa mahindi katika malori, wabeba magunia hutaniana tangu asubuhi hadi jioni, wala hakuna ugomvi. Lakini utani wa asili una mlango na una ukuta. Mtani akuchekaye kwa njaa ya Ugogoni ndiye huyo atakayefika siku ya msiba wako na kushika jembe la kaburi. Uchungu wa neno lake umekwisha lipiwa kwa wema wake. Dhihaka ya uwanjani imechukua mzaha wa mtani ikauacha wajibu wake. Ndiyo sababu ule unaoitwa utani wa Simba na Yanga huvuka mipaka mara kwa mara. Mwezi Julai 2022 msemaji mmoja mashuhuri wa soka alifungiwa miaka 2 na kutozwa faini ya shilingi milioni 20 kwa maneno aliyomtolea rais wa shirikisho la mpira. Jina lake wengi walijua. Halina haja ya kutajwa katika makala inayokataza kutiana aibu.

Sasa tumtazame ndugu yetu Mtanzania, Hasheem Thabeet, kwa kuwa yeye ameonja yote mawili. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza kucheza kikapu akiwa kijana wa miaka 15 hivi, akaenda Marekani. Katika Chuo Kikuu cha Connecticut alifundishwa na Jim Calhoun, kocha ajulikanaye kwa ulimi mkali. Chini ya mkono wake kijana huyu mwenye urefu wa zaidi ya mita 2 na sentimita 20 alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi yao miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili kati ya vijana wote wa mwaka ule, naye akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Mambo hayakwenda kama yalivyotazamiwa. Februari 2010 alipelekwa kwa muda katika ligi ndogo ya kukuzia wachezaji. Baadaye akahama timu hadi timu, na mwaka 2014 akatoka NBA.

Walikuwapo waliosema kwamba alianza mchezo akiwa amechelewa, kwamba alihitaji muda zaidi wa kujifunza, kwamba kuzuia mipira peke yake hakutoshi pale juu. Hayo ni maneno makali, lakini mtu aweza kuyashika akayafanyia kazi. Na walikuwapo waliolifanya jina lake kuwa kichekesho, wakilitaja kila walipotaka mfano wa chaguo lililopotea, kwa sababu James Harden na Stephen Curry walichaguliwa nyuma yake. Hao hawakumfundisha kitu. Mtu afanyeje na kicheko? Hakuna zoezi la kukirekebisha. Naye hakuacha mpira: mwaka 2020, miaka sita baada ya kutoka NBA, alirudi kucheza katika ligi ile ile ndogo ambayo watu walimchekea. Mimi naona hilo ni jambo la kiume.

Tuje sasa kwa Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w., kwa maana katika maisha yake jambo hili lilitokea mara mbili mbele ya mtu yule yule, mara moja katika kushindwa na mara moja katika kushinda.

Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra, wapiga mishale 50 waliwekwa juu ya kilima wakaamriwa wasiondoke kwa hali yoyote. Walipodhani ushindi umepatikana, wengi wao waliteremka. Adui akapita mahali palipoachwa wazi. Waislamu 70 wakauawa, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni na kuvunjika jino. Abu Sufyan, jemadari wa Makka, akasimama chini ya mlima akapaza sauti: Je, Muhammad yupo? Abu Bakr yupo? Umar yupo? Mtume s.a.w. akawaamuru masahaba wasimjibu. Abu Sufyan akatangaza kwamba wote wamekwisha uawa, na Umar r.a. akashindwa kujizuia. Lakini jemadari yule alipogeuka na kulitukuza sanamu lao Hubal, Mtume s.a.w. aliwauliza masahaba mbona hawajibu, akawafundisha waseme kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliye juu na Mtukufu zaidi. Zingatia jambo hili, ewe unayechunguza Islam. Nafsi yake ilipodhihakiwa alinyamaza. Ukweli wa Mungu ulipodhihakiwa alijibu, na jibu lenyewe halikuwa na tusi hata moja.

Miaka mitano baadaye Mtume s.a.w. aliielekea Makka na watu 10,000. Abu Sufyan, ambaye sasa alikuwa amekubali amani, alisimama njiani kuyatazama majeshi yakipita. Saad bin Ubada r.a., aliyeshika bendera ya Ansar, akamtupia maneno: leo ni siku ya kuchinjana, leo utakatifu wa Makka hautaheshimiwa. Hiyo ndiyo tambo ya mshindi. Habari ilipomfikia, Mtume s.a.w. alisema kwamba siku ile ni siku ya kutukuzwa Al-Kaaba, akaagiza bendera itolewe mkononi mwa Saad. Lakini akapewa nani? Akapewa Kais, mwana wa Saad mwenyewe. Adhabu ilikuwa ya kweli na ilionekana na watu wote. Hata hivyo heshima haikutoka nyumbani mwa yule aliyeadhibiwa. Katika habari zote za makocha ambazo nimepata kuzisoma sijaona kocha aliyemwadhibu nahodha wake kwa hekima kama hii.

Mtu aweza kupinga: Je, Hassan bin Thabit r.a. hakuwatungia makafiri mashairi makali kwa idhini ya Mtume? Ndiyo, alitunga. Lakini washairi wa Makureshi ndio waliotangulia, na shairi kwa Waarabu wa wakati ule lilikuwa silaha ya vita. Kulijibu kulikuwa kujilinda. Silaha hiyo haikutumiwa juu ya walioshindwa. Makka ilipofunguliwa, na Ikrima mwana wa Abu Jahal alipokuja kusilimu, Mtume s.a.w. aliwaonya watu wasimtukane baba yake, kwa kuwa kumtukana maiti humuumiza aliye hai.

Na makocha je? Hapa yatupasa kusema kweli, kwamba ukali huweza kuleta vikombe. Bobby Knight wa Chuo Kikuu cha Indiana alitwaa ubingwa wa vyuo mara tatu, 1976, 1981 na 1987, na mwaka 1985 alirusha kiti uwanjani kwa hasira. Basi asitoke mtu kusema kwamba mkali hashindi. Chuo kile kile kilimfukuza mwaka 2000 kwa mwenendo wake. Kurani Tukufu haiulizi kwanza ni nani ameshinda. Yauliza ni nani amebaki pamoja nawe. Baada ya Uhud ilishuka aya ya 160 ya Sura Aali Imran, ikimwambia Mtume kwamba ni kwa rehema ya Mungu amekuwa mpole kwao, na lau angalikuwa mkali mwenye moyo mgumu wangalitawanyika wakamwacha. Basi awasamehe, awaombee maghufira na ashauriane nao. Ashauriane na nani? Na watu wale wale ambao wengi wao, hasa vijana, walishauri kutoka mjini kwenda Uhud, hali yeye mwenyewe aliona afadhali kubaki Madina! Ni kocha gani anayekwenda kuomba shauri kwa wachezaji ambao shauri lao limemtia hasara jana?

Upole huo haukuwa woga wa kusema. Abu Dhar r.a. alipomtukana mtu kwa ajili ya mama yake, Mtume s.a.w. alimwambia usoni kwamba yeye ni mtu ambaye ndani yake bado mna ujahiliya. Neno kali hilo! Lakini lilionyesha ugonjwa na mahali ulipo, na likafuatwa na mafundisho juu ya kuwalisha na kuwavika watumishi. Abu Dhar hakukimbia, alibadilika.

Kwa wapenda kikapu, mfano mzuri wa kutojibu ni Hakeem Olajuwon, Mwislamu mzaliwa wa Lagos. Februari 1995 ilikuwa Ramadhani. Alifunga na kucheza, akatajwa mchezaji bora wa mwezi ule. Mwaka huo huo timu yake ya Houston ilikutana na San Antonio, na mbele ya macho yake David Robinson akakabidhiwa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka. Olajuwon alijibu kwa mpira, na Houston wakashinda michezo minne kwa miwili. Kinyume chake ni Muhammad Ali, ambaye wazee wetu walimwona Dar es Salaam mwaka 1980. Yeye alimwita Joe Frazier sokwe kabla ya pambano lao la Manila la mwaka 1975. Watu walicheka siku chache. Frazier alibaki na uchungu miaka mingi. Mwaka 2001 Ali aliomba radhi hadharani, jambo la kusifiwa, ila robo ya karne ilikuwa imekwisha pita.

Nimeandika kwa kirefu kwa sababu vijana wangu hawana ligi ya kikapu, lakini kila mmoja ana watu wanaomcheka. Kijana aliyetoka katika Ukristo hapa Kongwa huitwa majina nyumbani kwao. Akija katika Ahmadiyya huitwa kafiri na Waislamu wengine. Kwake yeye silaha ni ile ya Uhud: juu ya nafsi yake anyamaze, juu ya imani yake ajibu kwa hoja. Seyidna Ahmad a.s. aliletewa barua za matusi kwa wingi, na katika kitabu chake Kishti Nuh cha mwaka 1902 alikataza wafuasi wake kumtukana yeyote hata kama wanatukanwa.

Lakini kicheko kibaya zaidi ni kile kinachotoka katika safu ya sala. Muawiya bin Al-Hakam r.a., akiwa mgeni katika dini, alizungumza katikati ya sala, na watu wakamkodolea macho na kupiga mapaja yao. Sala ilipokwisha, Mtume s.a.w. hakumkaripia wala hakumpiga wala hakumtukana. Alimweleza tu kwamba maneno ya watu hayafai ndani ya sala, ambayo ni tasbihi, takbiri na kusoma Kurani. Muawiya alikuja kusema kwamba hakupata kuona mwalimu bora kuliko yeye. Nasi tumewahi kuwaona wazee wema wakicheka Fatiha ya mtu aliyejifunza herufi za Kiarabu mwezi mmoja tu, kisha wakauliza mbona Ijumaa ya pili hakuja.

Kwa darasa lijalo kila mmoja asome Sura Al-Hujurat yote, aya 19, pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili. Tutaanza na aya ya 13, inayohusu dhana mbaya, kupeleleza na kusengenya, Inshallah.