Jicho la Ndege Juu ya Bahari

Wanachama wenzangu, katika vipindi vya Fizikia tunafundishwa habari za mwangwi, halafu baada ya mtihani tunaufungia daftarini. Mimi nataka tuutoe humo. Hebu tutazame jinsi marubani walivyoutumia kuwinda nyambizi katika Vita vya Pili vya Dunia, maana vita hivyo vilifika hadi hapa kwetu, bandarini Kilindini.

Kwanza tuelewane kuhusu nyambizi yenyewe. (Neno lisikutishe, likumbuke pamoja na kupiga mbizi.) Nyambizi za siku zile hazikuweza kukaa chini ya maji muda mrefu. Zikiwa chini ziliendeshwa kwa betri, na betri zikiisha nguvu ilibidi zipande juu, ziwashe injini za dizeli ambazo huhitaji hewa, ndipo zichaji upya. Nahodha mwerevu alifanya hivyo usiku. Nani angemwona gizani, katikati ya bahari kuu?

Rada ilimwona. Rada ya ndege hurusha mawimbi ya redio yanayokimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, nayo yakigonga chuma hurudi. Tuseme mwangwi umerudi baada ya sehemu moja ya 10,000 ya sekunde. Mawimbi yamekwenda na kurudi kilomita 30, kwa hivyo chombo kiko umbali wa kilomita 15. Usisahau kugawanya kwa mbili! Wengi hupoteza alama papo hapo.

Lakini kulikuwa na shida. Ndege ilipokaribia sana, kiasi cha kilomita moja na kitu, alama ya nyambizi kwenye kioo cha rada ilimezwa na mwangwi wa bahari yenyewe. Rubani akabaki kipofu pale alipohitaji macho zaidi. Basi ofisa mmoja wa jeshi la anga la Uingereza, Humphrey de Verd Leigh, akabuni taa kali ya kufungwa kwenye ndege. Rada iliongoza njia, na taa ikawashwa mwishoni kabisa. Juni 1942 ndege aina ya Wellington iliitumia vitani katika Ghuba ya Biscay, na mwezi uliofuata nyambizi ya Kijerumani, U-502, ikazamishwa.

Wajerumani nao hawakulala. Mwaka huo huo walifunga kipokezi kilichoitwa Metox, kilichosikia rada ya ndege ingali mbali. Mwewe akilia, vifaranga hujificha; nyambizi ikawa inazama kabla ya kufikiwa. Waingereza wakabadilisha urefu wa mawimbi kutoka mita 1.5 hadi sentimita 10 hivi, kwa kutumia magnetroni, kifaa kilichoundwa na John Randall na Harry Boot katika Chuo Kikuu cha Birmingham mwaka wa 1940. Metox haikusikia kitu. Mei 1943 Ujerumani ilipoteza nyambizi zipatazo 40, na Admirali Dönitz akaziondoa katika njia kuu za Atlantiki ya Kaskazini. Najua manowari za ulinzi na wavunjaji wa siri za mawasiliano walichangia, lakini rada mimi naipa sehemu kubwa.

Hata hivyo rada ina mpaka wake: mawimbi yake hayapenyi maji ya bahari. Nyambizi ikishazama, ndege haioni kitu. Ndiyo maana siku hizi ndege za doria hudondosha maboya yenye maikrofoni za kusikiliza chini ya maji, na nyingine hubeba kipimo cha sumaku kinachotambua chuma kingi kilichojificha humo.

Mpaka huo si jambo la vitabuni tu. Februari 1944 meli Khedive Ismail ilitoka Kilindini katika msafara wa kwenda Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, ikiwa na askari wengi wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga ikiwa chini ya maji. Meli ilizama kwa dakika chache mno, na watu zaidi ya 1,200 wakafa. Manowari Petard na Paladin ziliiandama I-27 zikaizamisha siku hiyo hiyo. Askari wetu wasio na kaburi wamekumbukwa kwa majina katika makaburi ya vita ya Nairobi, kando ya Barabara ya Ngong.