Dumuzi wa Taveta: Jina, Mdudu na Dawa

Mwaka 1983 mdudu mgeni wa mahindi aliripotiwa Taveta, katika Mkoa wa Pwani wa wakati huo, nchini Kenya. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa tayari amewafilisi wakulima wa Tabora, Tanzania. Kutoka Bomeni hadi Holili ni mwendo mfupi, mahindi huvuka huku na huko, na mdudu haombi pasi.

Makala haya yanamwangalia mdudu huyo kupitia majina yake. Tanzania alipewa jina la Scania, akifananishwa na malori hayo makubwa. Baada ya 2001 baadhi ya wakulima wa Kenya walimwita Osama. Hizi ni sitiari zilizozaliwa ghalani. Hakuna kamati ya istilahi ambayo ingethubutu kuzipendekeza, lakini zinabeba hofu isiyomo katika neno dumuzi.

Dumuzi ndilo jina lililokubalika, nalo lina utata. Katika mazungumzo ya kawaida, dumuzi na fukusi aghalabu huchanganywa, kwa kuwa wote hubungua nafaka. Hata hivyo, fukusi ana mdomo mrefu uliochongoka, ilhali dumuzi ana umbo la mche duara, kichwa chake kimeinamia chini ya kifua, na huacha unga mwingi anapopita. Tofauti hii si ya darasani tu. Viuadudu vya jamii ya fosfati humuua fukusi vizuri lakini humshinda dumuzi kwa shida. Dumuzi hudhurika zaidi kwa viuadudu vya jamii ya pareto. Ndiyo maana dawa ya unga iliyochanganya aina zote mbili ilisambazwa. Mkulima anayemwita kila mdudu fukusi huweza kununua dawa isiyofaa na kupoteza chakula cha mwaka.

Kwa upande wa mifugo, Kiswahili kimejitosheleza zaidi: mbung'o, au ndorobo, ni mwenezi wa nagana, na hafananishwi na chafuo. Vita vya 1914–1918, vilivyopita Taveta, viliangamiza farasi, nyumbu na maksai wengi wa majeshi kwa maradhi hayo.

Dumuzi hustawi zaidi katika mahindi yaliyo bado kwenye magunzi. Kwa hiyo agizo la kupukuchua mapema humhusu yeye kwanza, na linapaswa kumtaja kwa jina.